Gia ya Pili ya Kapteni Rajabu

Kabla hujagusa spana, zima injini. Kanyaga klachi mpaka chini, halafu ingiza gia zote moja baada ya nyingine: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya nyuma. Zikiingia bila ubishi injini ikiwa imezimwa, na zikakataa injini ikiwashwa, usiwe na haraka ya kufungua giaboksi, maana ugonjwa huenda uko kwenye klachi. Zikikataa hata injini ikiwa kimya, kaangalie vyuma na bushi za mpira zinazounganisha mkono wa gia na giaboksi lenyewe. Na kama ni gia moja tu inayolia na nyingine ni salama, hapo ndipo una ruhusa ya kuanza kufikiria kufungua. Nimesema kufikiria. Yote haya hayahitaji chombo chochote. Yanahitaji dakika tano na mdomo uliofungwa.

Nawaambia ninyi vijana mnaojifunza ufundi kwa sababu wiki iliyopita nilipita gereji ya mpwa wangu, nikakuta giaboksi limeshushwa, limefumuliwa, vipande vyake vimetandazwa sakafuni kama bidhaa za mnadani. Tatizo lilikuwa zulia. Zulia jipya, nene, limekunjamana chini ya pedali ya klachi, pedali ikawa haifiki mwisho. Nilicheka mpaka nikatafuta mahali pa kukaa. Halafu nikanyamaza, kwa kuwa nilikumbuka kwamba mimi niliwahi kufanya vibaya kuliko wao, na kosa langu nusura limwangamize mtu.

Mnaniita Mama Giaboksi, lakini jina langu ni Apolot. Baba alikuwa dereva wa polisi, mtu wa Teso, na mimi nilikulia kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala. Pale watoto wa kila kabila tulirundikwa pamoja, tukagombana na kupatana kwa Kiswahili. Nilipomaliza shule, baba aliniombea kazi ya kutunza stoo katika gereji ya rafiki yake pale Katwe. Rafiki huyo ndiye Fundi Katembo, Mkongo wa upande wa Butembo. Alikuwa amekimbia vita vya kwao, akavuka mpaka na mke wake, begi la nguo na sanduku la spana. Begi liliibiwa njiani. Sanduku hawakuweza kuliiba, kwa sababu alikuwa anajilaza juu yake.

Kazi yangu ilikuwa kutoa spea na kuandika kwenye daftari. Lakini stoo ile ilikuwa karibu na lango, na kila gari lililoingia nililisikia kabla ya kuliona. Baada ya miezi michache nikaanza kuandaa spea mapema. Fundi akija kuomba beringi anaikuta juu ya meza. Siku moja Katembo akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nani alikuambia nakuja kuomba beringi?"

"Gari, Baba. Nililisikia likiingia."

"Toka huko ndani," akasema. "Stoo tutatafutia mutu mwingine."

Hivyo ndivyo nilivyoingia chini ya magari. Wateja walipata shida kidogo kunizoea. Kuna mzee mmoja mwenye lori aliingia akapita mbele ya miguu yangu iliyokuwa imetokeza chini ya lori lake, akauliza kwa sauti akimtafuta bwana fundi, "Ssebo fundi yuko wapi?" Nikajivuta nje, uso wote oili, nikamwambia, "Ssebo fundi ni huyu nnyabo, huyu bibi." Alirudi nyuma akakanyaga beseni la grisi. Kuanzia siku hiyo akawa mteja wangu, nadhani kwa aibu.

Makosa niliyafanya mengi, na moja lazima mlijue kwa sababu linachekesha. Alikuja mfanyabiashara wa soko la Kalerwe aliyekuwa akiuza ndizi, akaniomba nimkagulie pikapu anayotaka kununua. Niliiendesha mtaani. Giaboksi lilikuwa kimya, laini, halina neno. Nikamwambia, "Nunua." Siku ya tatu alirudi na pikapu inayounguruma mpaka watu wakatoka madukani kutazama. Nilipofungua tundu la kumwagia oili, ikatoka kama uji mzito, na harufu yake ni ya mandazi. Muuzaji alikuwa amesaga ndizi mbivu, akachanganya na vumbi la mbao, akalijazia giaboksi lililokufa ili linyamaze mpaka apate pesa zake. Yule bwana alisimama pale akikuna kichwa.

"Mimi nauza ndizi miaka kumi," akasema. "Leo ndizi zimeniuza mimi."

Tangu hapo sikagui giaboksi bila kutoa oili kidogo, kuisugua kati ya vidole na kuinusa. Ikiwa na chembe zinazong'aa rangi ya dhahabu, shaba inalika. Ikinuka kiamsha kinywa, mkimbie muuzaji.

Miaka hiyo ndiyo ile ya utawala wa jeshi. Wahindi walikuwa wamefukuzwa, na maduka ya spea yakapewa watu wasiojua beringi ni kitu cha kula au cha kuvaa. Mmoja alikuwa akiniuliza, "Unataka kubwa au ndogo?" Oili ilipatikana kwa magendo. Bushi tulizichonga kutoka matairi mabovu ya lori. Tulicheka sana gereji pale, lakini msidhani hatukuogopa. Watu walikuwa wakitoka asubuhi na hawarudi. Katembo alikuwa na kawaida ya kutuhesabu wafanyakazi wote kabla ya kufunga lango jioni, na asubuhi anatuhesabu tena.

Sasa nifike kwenye gari la Kapteni Rajabu.

Lilikuwa gari la michezo, jekundu, la milango miwili, fupi kama kitanda cha mtoto, na injini yake ilikuwa na hasira kushinda lori. Mwenye gari alikuwa ameondoka nchini, na gari likabaki. Namna lilivyofika mikononi mwa Kapteni hatukuuliza. Alikuja nalo Jumatatu asubuhi, gari la jeshi lenye askari wawili likimfuata nyuma. Alikuwa mtu mrefu, mnadhifu, buti zinang'aa.

"Fundi iko wapi?"

"Mimi hapa, Afande."

Akatazama nyuma yangu, aone kama kuna mtu mwingine. Hakukuwepo. Katembo alikuwa amekwenda Jinja kuangalia lori la miwa, na angerudi Jumatano.

"Gia ya pili inakataa," Kapteni akasema. "Nikipanda kilima ya Mbuya inalia kama mbuzi. Jumapili mimi nashindana. Tengeneza."

Ilikuwa kweli kwamba Jumapili kulikuwa na mashindano ya kupanda kilima kwa magari, nje kidogo ya mji, na maofisa wengi wangekuwapo. Nililichukua gari, nikazunguka nalo Katwe. Gia ziliingia vizuri. Nikajaribu tena, safari hii nikiteremka kutoka ya tatu kwenda ya pili kwa haraka, ikalia kidogo, krr. Nikarudi kifua mbele.

"Ni pete ya gia ya pili, Afande."

Pete hizo ni za shaba. Kazi yake ni kusawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijaumana, na pete ikilika, gia zinakutana kwa ugomvi. Sikuuliza swali hata moja zaidi. Sikumuuliza inalia lini, inalia na nani, imeanza baada ya nini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wangu hayupo, na mbele yangu kuna gari ambalo kila fundi wa Kampala angetamani kuligusa. Nililishusha giaboksi siku hiyohiyo.

Na kweli, pete ya gia ya pili ilikuwa imelika, na meno ya gia yenyewe yametafunwa ncha. Nilifurahi kama mtu aliyemkamata mwizi. Nyuma ya gereji kulikuwa na gari bovu la kampuni ileile, nikatoa pete yake, nikasugua, nikapima, nikafunga. Jumatano jioni Katembo akarudi, akaikuta pete kuukuu juu ya benchi. Akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Hii nani alikula?"

"Umri, Baba."

"Umri angekula zote. Huyu amekula moja tu."

Nilikuwa nimechoka, nikajibu kwamba gari limepona, na akiwa na shaka akalijaribu mwenyewe. Alilijaribu. Gia ya pili iliingia kama kijiko kwenye uji. Lakini pete hakuitupa, akaitia mfukoni.

Alhamisi asubuhi Kapteni alichukua gari. Haikupita saa moja, tukalisikia likirudi. Nililitambua kutoka mbali. Alifunga breki katikati ya gereji, akatoka akitetemeka kwa hasira.

"Nyinyi na Wani mnakula sahani moja!"

"Wani gani, Afande?" Katembo akauliza.

"Koplo Wani, dereva yangu! Yeye ndiye anaharibu hii gari. Nimemweka ndani tangu Jumapili. Na amekubali mwenyewe, kwa mdomo yake, mbele ya askari wote."

Koplo Wani nilimjua. Alikuwa akituletea malori ya kambi, kijana mpole mwenye mwanya, mpenda miluzi. Uendeshaji wake ulikuwa kitu cha kusikiliza. Alibadilisha gia za lori bovu usijue amebadilisha lini. Mtu yule hangeweza kutafuna gia ya pili hata angelipwa afanye hivyo.

"Jumamosi jioni," Kapteni akasema. "Gari ikiwa bado, Wani anaondoka pale kambini."

"Anakwenda wapi, Afande?" akauliza Katembo.

Miaka ile swali hilo halikuwa na jibu ambalo mtu angependa kulisikia.

Katembo akanivuta pembeni. Nilitegemea atanigombeza. Badala yake alitoa ile pete mfukoni, akaiweka kiganjani mwangu. "Apolot, wewe uliuliza gari," akasema taratibu. "Mutu hukumuuliza. Gari yenye umeendesha wewe hailie. Mimi nimeendesha, hailie. Sasa nani anaendesha, inalia?"

Nilielewa, na nilitamani nisingeelewa.

Nikarudi kwa Kapteni, nikamwambia kwa heshima zote kwamba ninahitaji kulisikia gari likilia, kwa hiyo naomba anichukue mpaka pale linapolilia. Alinung'unika, lakini akafungua mlango. Gari lile lilikuwa na usukani kulia, kwa hiyo abiria alikaa upande wa mguu wa kushoto wa dereva, ambao ndio mguu wa klachi. Kumbukeni jambo hilo, vijana. Kiti cha abiria ndicho kiti bora cha uchunguzi.

Tulikwenda kwa Barabara ya Jinja, askari wake wakitufuata, kisha tukaanza kupanda Mbuya. Kwenye tambarare kila kitu kilikuwa sawa. Gia ya kwanza aliiingiza amesimama, ana muda. Ya tatu na ya nne alizipata kwa utaratibu. Nilikuwa siangalii barabara tena, nilikuwa naangalia buti lake la kushoto. Kilima kilipochachamaa, akataka ya pili kwa haraka. Buti likashuka, likafika katikati, likasimama. Pedali haijafika chini, klachi haijaachia. Mkono ukasukuma gia hivyohivyo. Krrrrr! Na wakati uleule nikaona taya lake limekaza, jasho limemtoka juu ya mdomo, na nyonga imeinuka kutoka kwenye kiti kana kwamba anajaribu kuisukuma pedali kwa mwili mzima.

"Umesikia?" akafoka.

"Nimesikia, Afande." Nikaongeza, "Na nimeona."

Fikirieni nilipokuwa. Gari lile lilikuwa limefungwa klachi ya mashindano, yenye springi ngumu kuliko za kawaida, na kuikanyaga kulihitaji mguu mzima, wenye afya. Ofisa aliyekuwa kando yangu hakuwa nao. Na yuko mtu ndani ya mahabusu kwa ajili ya hilo, na nyuma yetu kuna askari wawili wenye bunduki. Kumwambia kapteni wa jeshi, wakati ule, kwamba ubovu wa gari uko kwenye mguu wake, ilikuwa njia fupi ya kutohesabiwa jioni na Katembo. Kunyamaza kulikuwa njia fupi vilevile, ila kwa Wani.

"Afande, tusimame hapa juu. Rejeta inataka maji. Waombe askari watafute."

Rejeta ilikuwa imejaa. Mungu anisamehe. Askari wakateremka na kopo, wakaingia nyumba za jirani. Tulibaki wawili. Nikasema huku natazama mbele, si usoni mwake:

"Afande, goti la kushoto limeanza kuuma lini?"

Nilisikia injini ikipoa, tik, tik, tik. Aliutazama mguu wake, kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia kwake, "Nani amekuambia?"

"Pedali."

Nilihesabu watu watatu wakipita na mitungi. Mwishowe akaanza kulisugua goti, polepole, kama mtu aliyekuwa akingoja ruhusa.

"Mpira," akasema. "Tulicheza na timu ya magereza. Mtu moja, nene kama kifaru, akaniingilia. Miezi mbili sasa. Nikisema, watanitoa kwa kikosi. Watanipa stoo. Kapteni mzima nahesabu blanketi!"

Sijui ujasiri ulinitoka wapi. Labda ni kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka stoo. Nikacheka. Nikaziba mdomo, nimechelewa. Akanigeukia, macho makali, kisha midomo yake ikaanza kucheza, na yeye akacheka, kicheko cha mtu mwenye maumivu, huku amelishika goti.

"Ukisema neno hii mahali popote..."

"Afande, mimi ni fundi wa giaboksi. Magoti si kazi yangu. Lakini gari linaweza kufuata goti. Tunatoa klachi hii ya mashindano, tunafunga ya kawaida, ambayo ni laini. Tunarekebisha pedali isiende mbali. Na kiti unakisogeza mbele, maana umekiweka nyuma kama cha mfalme, goti linanyooka kabla pedali haijafika."

"Utamaliza Jumamosi?"

"Nitamaliza, lakini nahitaji mtu anayeijua gari hii kila siku, anisaidie kupima. Namhitaji Koplo Wani. Bila yeye siwezi."

Hakuwa mjinga. Alijua ninachoomba na mimi nilijua kwamba anajua. Askari wakarudi na kopo la maji. Akalipokea mwenyewe, akamwaga pembeni ya gurudumu, akawasha gari.

Ijumaa asubuhi, saa mbili, Koplo Wani aliingia gereji kwa miguu. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota, jicho moja limevimba. Mke wa Katembo akampa chai. Akanywa vikombe vitatu, kisha akaangalia gari na kuuliza, "Tunaanzia wapi?"

Tulianzia Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla. Klachi ya kawaida ya kampuni ile haikuwapo kwenye duka lolote, lakini Katembo alimjua Hajati mmoja aliyeuza chumvi na sabuni kwa jumla. Nyuma ya magunia ya chumvi alikuwa na vitu vingine ambavyo havikuandikwa mlangoni. Wani na mimi tulipenya katikati ya wachukuzi mpaka kwake. Akatupima kwa macho, akaona jicho la Wani, akasema, "Masikini, we mtoto." Akaingia nyuma, akatoka na klachi mpya imefungwa ndani ya kanga.

"Chumvi yako hiyo," akaniambia. "Usiilowanishe."

Kazi yenyewe tuliifanya watu watatu. Katembo alitoboa tundu jipya la fimbo inayosukuma klachi kwenye mkono wa pedali, karibu zaidi na bawaba yake, ili nguvu ndogo ya mguu itoshe. Ukifanya hivyo pedali inakuwa nyepesi lakini inasukuma kidogo, kwa hiyo ilibidi tutoe hewa yote kwenye bomba la klachi, kila tone, na kupunguza ule mwendo wa bure wa pedali kabla haijaanza kusukuma mpaka ukabaki unene wa sarafu mbili. Wani alikaa kwenye kiti akikanyaga kwa amri yangu. Kila nilipomwambia "kanyaga," alikanyaga nusu tu. Nilimgombeza mara mbili, nikidhani mahabusu imemchanganya. Mara ya tatu nikaelewa kwamba alikuwa anakanyaga kama Kapteni, ili tupime gari kwa mguu wa mwenyewe. Niliinua kichwa, tukatazamana.

Meno ya gia ya pili yaliyotafunwa hatukuwa na ya kubadilisha. Katembo aliyachonga ncha kwa tupa ndogo, moja baada ya jingine, akiimba nyimbo za kanisani za kwao. Jumamosi saa tisa mchana Kapteni alikuja, akapanda Mbuya, akarudi. Hakuzima injini. Alishusha kioo akasema, "Haijalia." Nikamwonya kwamba klachi hii ni ya gari la kawaida, injini ni ya mashindano, na akikanyaga mafuta kwa hasira itateleza. Akasema amesikia.

Jumapili tulikwenda sote kuona. Watu walikuwa wamejaa kando ya barabara, wauza muhogo wa kuchoma, maofisa na wake zao. Magari saba yalishindana. Kapteni alianza vizuri sana, akaingiza ya pili kwenye kona ya kwanza, na mimi nikamshika Wani mkono bila kujua. Kimya. Kona ya pili, kimya. Kwenye kona ya tatu gari la mbele likamrushia vumbi, akapata hasira, akakanyaga mafuta yote, klachi ikateleza, na moshi ukatoka kama anachoma nyama.

"Nilimwambia," nikasema.

"Husikia ukisema," Wani akajibu. "Kufanya ni siku nyingine."

Alimaliza wa nne. Watu wakapiga makofi. Alitoka garini akichechemea waziwazi, na nikaona maofisa wawili wakimtazama mguu. Askari wake walikuwa wamejipanga. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitegemea. Kapteni Rajabu alitoa ufunguo, akamtupia Wani mbele ya wote.

"Koplo, wewe endesha," akasema kwa sauti ya gwaride. "Mimi goti yangu ni bovu. Tangu mwanzo ni bovu."

Hakuomba msamaha, na wakati ule ofisa kumwambia koplo maneno hata hayo lilikuwa jambo kubwa. Alizunguka gari, akafungua mlango wa kushoto, akakaa. Wani aliwasha, akaondoka, akapandisha gia ya kwanza mpaka ya nne, na sikusikia hata moja.

Wale maofisa wawili walimpeleka Kapteni hospitali, na kweli alipewa stoo. Aliwahi kutuletea blanketi mbili. Baadaye vita vilipokuja aliondoka, na habari zake sikuzipata tena. Katembo alikufa mzee, kitandani kwake, sanduku la spana likiwa chini ya kitanda. Wani aliacha jeshi, akawa dereva wa malori ya Mombasa, na kwa miaka mingi alikuwa akisimama gereji kwangu kunisalimu.

Katika safari mojawapo, tukiwa tumezeeka vya kutosha kuulizana mambo, nilimuuliza lile lililonisumbua. Alijua tatizo ni goti. Alimwona bosi wake akilisugua kila siku. Kwa nini alikubali kwamba yeye ndiye mharibifu?

Wani alikoroga chai yake.

"Mimi nilisema ukweli siku ya kwanza," akasema. "Afande anaendesha, gari ikalia mbele ya kikosi kizima, watu wakacheka. Afande akaniuliza, shida nini? Nikasema, Afande, shida ni mguu. Akaniangalia. Nikaona anaogopa, Apolot. Yule mtu mkubwa anaogopa kama mtoto. Akauliza, mguu ya nani?"

Akanywa chai kidogo, akakiweka kikombe chini.

"Nikasema, yangu."